Kochi si sofa: Safari ya maneno ya viti hadi kisiwani Wasini

WATUMIAJI wengi wa Kiswahili huyachukulia maneno ‘kochi’ na ‘sofa’ kuwa visawe. Mgeni huingia sebuleni akaambiwa, “Karibu, keti kwenye kochi,” na dakika mbili baadaye mwenyeji yuyo huyo akamkemea mtoto, “Hebu toa hayo madaftari yako kwenye sofa!” Wote watatu huelewana, na hakuna aliyekosea. Hata hivyo, visawe kamili ni adimu katika lugha yoyote ile. Maneno haya mawili yana asili mbili, yalifika pwani yetu kwa njia mbili tofauti, na wapo wasemaji ambao hadi leo hawayachanganyi katu. Baadhi yao wanaishi Wasini.

Nianze na sarufi, maana hapo hapana la kutukalisha sana. Kochi limo katika ngeli ya LI-YA: kochi hili, makochi haya. Sofa imo katika ngeli ya I-ZI: sofa hii, sofa hizi, ingawa wasemaji wengi, hasa wa Tanzania, wameshazoea kusema ‘masofa’ na sioni wa kuwarudisha nyuma. Jijini Nairobi utasikia, “Hii kochi yangu imeisha.” Hiyo ni tabia ya Kiswahili cha bara ya kuingiza takriban kila kitu katika I-ZI, wala haina uhusiano na kochi lenyewe. Tuyaache hayo. Kinachonishughulisha leo ni maana.

Wasini ni kisiwa chembamba chenye urefu wa takriban kilomita tano, mkabala na Shimoni katika kaunti ya Kwale. Kijiji cha Wasini kiko upande wa magharibi na kijiji cha Mkwiro upande wa mashariki. Ijapokuwa kisiwa ni kimoja, lahaja ni mbili: Wasini husemwa Kivumba, na Mkwiro husemwa Chichifundi, ambayo jina lake lenyewe linakuonyesha kiambishi chi- mahali ambapo Kiswahili sanifu kina ki-. Mwanaisimu H. E. Lambert aliziandikia lahaja hizo vitabu viwili vidogo, kimoja mwaka 1957 na kingine 1958, na mpaka leo mtafiti yeyote wa lahaja za kusini mwa pwani ya Kenya lazima apitie hapo. Kisiwani hakuna magari. Kila kitu ambacho hakikuota wala kuvuliwa huko hufika kwa chombo kutoka gati la Shimoni, kisha hubebwa begani au kwa mkokoteni kupitia vichochoro vya mawe ya matumbawe hadi nyumbani kwa mtu. Msomaji aweke jambo hili akilini, kwa sababu ndilo lililoamua maana ya neno.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa ushauri katika jambo ambalo sikuwahi kufikiri lingemhitaji mwalimu wa lugha. Kijana wa Wasini alikuwa anaoa Mombasa. Mahari yaliandikwa kwenye karatasi kama ilivyo desturi: fedha kadhaa, kitanda, kabati, meza ya kioo, na ‘makochi ya watu saba’. Kijana akaenda kwa fundi Ukunda, akatengenezewa makochi ya mbao nzuri, yenye mikono ya mbao iliyopigwa msasa na vanishi, na juu yake magodoro madogo ya sponji yaliyovishwa kitambaa. Kazi safi. Yakapakiwa, yakavuka. Upande wa mwanamke walipokwenda kutazama nyumba, wakaguna. Wakasema hawakuahidiwa viti vya mbao, waliahidiwa sofa. Upande wa mwanamume wakasema, “Kwani karatasi imeandikwa sofa? Imeandikwa makochi, na makochi ndiyo hayo.”

Mtu anaweza kucheka. Lakini mahari katika sheria ya Kiislamu ni haki ya mke, na yasiyolipwa ni deni. Anayeambiwa kwamba hakutimiza mahari haambiwi tu kwamba amekosea kununua kiti, bali kwamba hakutimiza ahadi aliyoitoa mbele ya mashahidi. Maneno yalianza kupanda. Ndipo mtu mmoja mwenye busara akasema apigiwe simu fulani anayeandika mambo ya Kiswahili gazetini. “Mwalimu, tuambie. Kochi na sofa, Kiswahili chasemaje?”

Sikutaka kujibu kwa simu. Nilivuka. Na kabla ya kuzungumza na wenye ugomvi, nilimuuliza shangazi wa bwana harusi, mtu mzima aliyekuwa ameketi barazani akisuka ukili, kochi ni nini. Hakusita hata kidogo. “Kochi ni la mbao, mwanangu. Watoa magodoro, wafungua, wapakia. Sofa ni ile ilovaa nguo mwili mzima.”

Sijaona maelezo bora zaidi ya hayo. Kochi lina mifupa inayoonekana: fremu ya mbao iko wazi, na vya kukalia na kuegemea ni vitu vya kando vinavyotoka vikafuliwa, vikaanikwa, vikarudishwa. Sofa imefunikwa kote. Mbao zake, springi zake na sponji yake vimefichwa chini ya kitambaa au ngozi, vimepigiliwa, na kukivua ni kazi ya fundi. Kisiwani tofauti hiyo haikutokana na upuuzi wa watu wanaopenda kuchambua maneno. Kochi hupakiwa kwenye mashua vipande vipande. Sofa ya watu watatu ni mzigo mmoja usiokunjika. Bahari ikikupwa watu hulazimika kuteremka majini wakaibeba vichwani, na sponji ikishainywa maji ya chumvi haikauki leo wala kesho. Ikisalimika na safari, bado kuna hewa ya bahari inayokula springi polepole mpaka siku moja kitambaa kinatoboka kwa ndani. Watu wenye mazingira hayo wana kila sababu ya kuwa na maneno mawili kwa vitu viwili.

Tutarudi kwenye karatasi. Kwanza tutazame maneno yalikotoka.

Sofa ni neno lenye ukoo mkubwa. Asili yake ni Kiarabu, ‘suffa’, yaani mahali palipoinuliwa pa kukaa, kiunga au ukumbi wenye kivuli. Waislamu wa pwani wanalijua neno hili bila kujua kwamba wanalijua. Kila aliyesoma madrasa amesikia habari za Ahlu-Suffa, wale masahaba maskini waliohamia Madina bila jamaa wala makao, wakawa wanaishi chini ya kivuli katika msikiti wa Mtume. Abu Hurayra alikuwa mmoja wao. Suffa hiyo haikuwa na godoro wala springi. Kama ningetakiwa kuitafsiri kwa Kiswahili cha Wasini, nisingetafuta mbali: ni baraza.

Kutoka kwa Waarabu neno lilikwenda kwa Waturuki, na huko likawa sehemu ya chumba iliyoinuliwa kidogo, ikatandikwa mazulia na kuwekwa matakia. Wazungu waliosafiri katika milki ya Uthmaniyya walirudi nalo. Mwanzoni mwa karne ya 17 Waingereza walilitumia kwa maana hiyohiyo ya sakafu iliyoinuliwa na kutandikwa, kama kitu cha kigeni wanachosimulia. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 18 sakafu ilikuwa imeota miguu: sofa ilikuwa sasa kiti kirefu kilichojazwa na kuvishwa kitambaa, kikasimama katika nyumba za matajiri wa Ulaya. Mwaka 1785 mshairi William Cowper alichapisha utenzi mrefu ambao sehemu yake ya kwanza inaitwa ‘Sofa’, eti kwa sababu bibi mmoja rafiki yake alimtaka atunge shairi kuhusu sofa, naye akaanza na historia ya viti tangu kigoda cha miguu mitatu. Springi za chuma ziliingizwa ndani katika karne ya 19. Sponji tunayoijua leo ni ya karne ya 20. Neno lililoondoka Uarabuni likiwa jiwe lilitufikia kupitia Waingereza likiwa godoro.

Nimewahi kusikia watu wakidai kwamba sofa limetokana na sufi, yaani ile pamba ya msufi iliyokuwa ikijazwa kwenye mito na magodoro kabla ya sponji. Dai hilo lina mvuto, hasa kwa aliyekulia penye msufi, lakini halina msingi. Sufi hiyo ni mkasa mwingine. Cha kuchekesha ni kwamba wapo wanazuoni waliojaribu kuwahusisha Masufi wenyewe, wale wa tarika, na suffa ya Madina, ingawa wengi hulitoa jina lao kwenye sufu ya mavazi yao. Sauti zikikaribiana, watu hawakosi cha kuunganisha.

Kochi, kwa upande wake, hutajwa kila mahali kuwa limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kiti kirefu cha kujinyosha, ambalo Waingereza walilipata kwa Wafaransa, kwenye kitenzi ‘coucher’, kulala au kulaza. Kwa hiyo katika asili sofa ni mahali pa kukaa na kochi ni mahali pa kulala. Hilo halina ubishi. Lakini mimi naona kuna kitu kimepitiwa, na naomba msomaji anivumilie katika jambo hili dogo la sauti.

Kiswahili kinapokopa neno la Kiingereza lenye sauti ile ya ‘au’, huihifadhi. Ndivyo tulivyopata pauni, kaunta, kaunti, blauzi na taulo. Kwa kanuni hiyo, tungetarajia tuseme ‘kauchi’. Hatusemi. Tunasema kochi. Ile ‘o’ imetoka wapi? Jibu ninaloliona kuwa na uzito ni kwamba neno halikutoka kinywani mwa Mwingereza moja kwa moja. Katika Kigujarati na Kimarathi, kiti hicho huitwa ‘koch’, kwa ‘o’. Wahindi nao walilipata kwa Waingereza huko kwao, wakalinyoosha kwa ulimi wao. Sasa ukumbuke ni nani waliokuwa na maduka Mombasa, Zanzibar, na hata mji mdogo wa Vanga, na ni nani waliokuwa miongoni mwa mafundi seremala wa miji ya pwani. Fundi wa Kiswahili mpaka leo hulainisha mbao kwa randa, neno ambalo fundi wa Bombay angelielewa. Kama zana ilikuja na jina lake kutoka ng’ambo hiyo, sioni ajabu kiti nacho kuja vivyo hivyo. Nadhani basi kochi tulilipokea kutoka kwa fundi na mwenye duka, na sofa tukaipokea baadaye, kutoka kwenye matangazo, vitabu na nyumba za watu wa ofisi. Kama ni hivyo, si ajabu kwamba kochi limebaki jina la kiti cha mbao cha fundi wetu, na sofa likawa jina la kile kinachonunuliwa kikiwa kimekwisha kuvishwa.

Hapa pana mtego wa kuuepuka. Kocha, yule anayefunza timu, si ndugu wa kochi. Neno lake linatoka Kocs, kijiji cha Hungaria kilichosifika kwa kutengeneza magari ya kukokotwa na farasi. Waingereza wakaliita gari hilo kwa jina la kijiji, na katika karne ya 19 wanafunzi wa chuo cha Oxford wakamwita hivyo kwa mzaha mwalimu wa ziada aliyewabeba hadi wakavuka mtihani. Wahungaria wenyewe husema ‘kocsi’, na ukimsikia Mhungaria akilitamka utaapa amesema kochi. Anamaanisha gari.

Sasa karatasi ya mahari. Nilipoketi na wazee wa pande zote mbili, walitarajia nifungue kamusi. Sikuifungua, na nikawaeleza sababu. Kamusi hukusanya matumizi ya watu wa mahali pengi, kisha huyaweka chini ya kidahizo kimoja. Ikiwa itakuambia kochi ni kiti kirefu chenye mito, haijasema uongo Wasini wala Mombasa, lakini pia haijakuambia yule aliyeshika kalamu alikuwa akiona nini. Mombasa, sebule nyingi zimejaa viti vilivyovishwa mwili mzima, na watu wanaviita makochi bila kufikiri. Kina mama wa huko hufuma vitambaa vya makochi na kuvitandaza juu ya kile ambacho shangazi wa Wasini angekiita sofa. Upande wa mwanamke hawakuwa wakizusha. Walisoma neno kwa macho ya mji wao.

Lakini karatasi haikuandikwa na wao. Iliandikwa Wasini, kwa mkono wa ami yake kijana, kuhusu nyumba iliyoko Wasini, na kila aliyekuwapo kwenye kikao hicho upande ule alijua kochi ni kitu gani na sofa ni kitu gani. Nilisema wazi kwamba kwa maoni yangu kijana alileta alichoahidi. Nikaongeza kwamba ingefaa zaidi kama ami angeuliza, na kwamba mtu asiyejua kuwa neno lina maana mbili hawezi kujua kwamba anatakiwa kuuliza. Bibi mmoja wa Mombasa aliniangalia kana kwamba nimelipwa. Mwishowe waliyamaliza wenyewe bila mimi: makochi yakabaki, kijana akaongeza zulia la sebuleni, na arusi ikafanyika wiki moja baada ya siku iliyopangwa. Zulia, kwa taarifa yako, hukunjwa likapakiwa bila taabu.

Baada ya kikao hicho nilikaa kisiwani siku nzima, na kadiri nilivyotembea ndivyo nilivyoona kwamba viti vyote viwili ni wageni wa juzi. Lugha yenyewe yasema hivyo. Kiti ni ki-ti, kitu kidogo cha mti. Kitanda kinatokana na kutanda. Mkeka, busati, takia, kigoda: hivi ndivyo vilivyokuwa samani ya watu wengi. Viti vikubwa vya enzi, vile vya mbao nyeusi vilivyotiwa pembe za ndovu na kusukwa kamba, ambavyo sifa zake ni za Lamu, Pate na Siyu, havikuwa vya kila mtu kukalia. Vilikuwa vya kumkalisha mtu ambaye wengine walitakiwa wajue ni nani. Mtu wa kawaida alikaa chini au barazani, na barazani ndiko mambo yalikozungumzwa.

Baraza ni neno ambalo limefanya safari kwa miguu yake yenyewe. Lilikuwa jiwe la kukalia mbele ya nyumba, likawa mkutano wa walioketi juu ya jiwe hilo, kisha likawa chombo cha serikali. Leo tuna Baraza la Mawaziri na hakuna waziri hata mmoja anayekaa juu ya jiwe. Sebule nayo ina habari yake. Nchini Oman ‘sabla’ ni ukumbi wa wanaume wa kijiji, mahali pa kupokea wageni na kukata mashauri. Kwetu imeingia ndani ya nyumba ikawa chumba cha kupokelea wageni, na sasa ndiyo chumba cha televisheni na hayo makochi. Moja lilitoka kwenye kiti likaenda kwenye utawala, jingine likatoka kwenye shauri la kijiji likaja kwenye kiti.

Na Wasini lipo neno la tatu ambalo linaunganisha yote mawili, nalo ni diwani.

Watu wa Wasini ni Wavumba. Mji wao wa zamani, Vumba Kuu, ulikuwa bara, kusini kidogo karibu na mpaka wa sasa wa Kenya na Tanzania. Ulipohamwa, watu wake walikwenda Vanga na Wasini. Mtawala wa Vumba hakuitwa sultani wala jumbe. Aliitwa Diwani. Cheo hicho kilijulikana Mrima pia, huko Pangani na kwingineko, lakini Vumba ndiko kilikokuwa na uzito wa ufalme. A. C. Hollis, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa na sikio zuri la lugha, alikusanya masimulizi ya Wavumba na kuyachapisha mwaka 1900. Humo mna Mwana Chambi Chandi na miji ya Washirazi aliyoishinda, mna masharifu wa Ba-Alawi waliokuja kuushika utawala, na mna siwa, lile baragumu kubwa lililopigwa kwa heshima ya mwenye cheo. Hakuwa Diwani mtu aliyezaliwa tu katika ukoo unaofaa. Ilimpasa alishe watu karamu kubwa na kutimiza desturi nyingi za gharama. Kabla ya hapo alikuwa na haki ya kudai cheo, lakini cheo chenyewe hakuwa nacho.

Neno lenyewe ni la Kiajemi na Kiarabu. ‘Diwan’ lilikuwa daftari. Khalifa Umar, katika karne ya 7, alipotaka kugawa mapato ya dola kwa askari na familia zao, alianzisha diwani, orodha ya majina. Orodha ikahitaji ofisi, ofisi ikaitwa diwani, na wakuu waliokutana ofisini wakaitwa hivyo pia. Daftari ambalo limekusanya mashairi ya mtu mmoja nalo likaitwa diwani, na ndiyo sababu tuna diwani za Shaaban Robert mashuleni. Wataliani na Wafaransa walilichukua likawa jina la ushuru wa forodha: ‘dogana’ na ‘douane’.

Mjini Istanbul, Diwani ilikuwa baraza kuu la dola. Mawaziri walikutana katika ukumbi wenye kuba ndani ya kasri la Topkapi, wakaketi juu ya viti virefu vilivyojengwa kufuata kuta na kutandikwa mito. Wageni wa Ulaya walipouona ukumbi huo walitazama walichokaliwa zaidi ya waliokikalia. Kufikia karne ya 18, ‘divan’ kwao lilikuwa jina la kiti kirefu cha mito kisicho na mgongo. Uingereza ya leo ukiuliza ‘divan’ utaonyeshwa kitanda chenye sanduku lililovishwa kitambaa chini ya godoro. Hata ‘ottoman’, kile kigoda kilichojazwa ambacho watu huwekea miguu, ni jina la milki nzima ya Uthmaniyya. Dola iliyotisha Ulaya kwa karne kadhaa imeishia chini ya visigino.

Kwa hiyo neno lilelile liligawika njia mbili. Lililoelekea kaskazini likawa kitu cha kulalia. Lililoelekea kusini likafika Vumba likawa mtu anayepigiwa siwa. Nilipomsimulia hayo mzee mmoja wa kijijini, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza kwa dhati kabisa kama Waingereza waliokuja kujenga Shimoni, wakati wa ile kampuni yao iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, walijua wanazungumza na watu wenye Diwani huku wao wenyewe wana diwani za kulalia nyumbani. Nilimwambia hilo lingemfaa Hollis, sio mimi.

Baada ya ukoloni cheo kilishuka lakini hakikupotea. Diwani akawa mjumbe wa baraza la mji au la wilaya, na Tanzania ndivyo alivyo hadi leo, mwakilishi wa kata. Kenya tuliondoa mabaraza hayo tulipoingia katika mfumo wa kaunti kwa uchaguzi wa Machi 2013, na mahali pake pakaja mwakilishi wa wadi. Jina rasmi lilibadilika, lakini pwani nzima watu wengi hawakubadilika. Bado utasikia, “Tumemwambia diwani kuhusu maji,” na kila mtu anajua ni nani aliyeambiwa.

Siku hizi maduka ya samani ya Mombasa na Diani yameanza kuuza vile viti vya Kizungu visivyo na mgongo, na nimeona tangazo moja limeandika ‘diwani’ kwa maana hiyo, chini ya picha ya kiti cha buluu chenye mito mitatu. Hapa sitasema kama nilivyosema juu ya masofa. Diwani huyu tunaye, katika ngeli ya A-WA. Diwani hii ya mashairi tunayo pia, katika I-ZI. Anayetaka kukikopa kiti hicho na akikope upya kutoka kwa Waingereza kwa ‘v’ yao, ‘divani’, ili mzee wa Wasini akisikia kwamba divani imeshushwa gatini Shimoni asivae kilemba kwenda kuilaki.